Saba Saba ya Dar, Saba Saba ya Nairobi: Julai 7 ni ya nani?

Swali la msomaji: "Mimi ni Mkenya niliyeolewa Dar es Salaam. Watoto wangu wanaijua Julai 7 kama siku ya kwenda maonyesho. Baba yangu, aliyeko Nairobi, siku hiyo hataki kusikia neno sherehe. Alikuwa kijana mjini mwaka 1990. Sasa shule ya watoto imeniomba niseme machache kwenye Siku ya Kiswahili Duniani, nayo ni tarehe hiyo hiyo. Je, mambo haya yana asili moja au yamekutana tu? Nisimame niseme nini?"

Dada yangu, asili si moja. Kwetu Afrika Mashariki Julai 7 imebeba mambo manne makubwa, na katika hayo manne ni moja tu ambalo tarehe yake ilichaguliwa kwa kulitazama jingine. Siku ya Kiswahili iliwekwa Julai 7 kwa makusudi, kwa sababu ya kuzaliwa kwa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, mwaka 1954. Saba Saba ya Nairobi ya 1990, ile ya kudai vyama vingi, ina chimbuko lake lenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iliingia kwenye tarehe hiyo mwaka 2000 kwa njia ya mkataba. Mimi nikikuta kumbukumbu nyingi zimebanana ndani ya siku moja, huanza kwa kuuliza ipi iliichagua ipi. Swali hilo likijibiwa, mengi yanayosemwa majukwaani hujipanga yenyewe, na mengine huonekana hayana msingi.

Tuanze na 1954, maana ndiko mzizi ulipo. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza. Chama cha Waafrika, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 na baadaye kujulikana kama TAA, kilikuwa na matawi sehemu nyingi za nchi, lakini kwa umbo lake kilikuwa zaidi chama cha kutetea maslahi ya wanachama kuliko chama cha kudai dola. Mwaka 1953 Julius Nyerere, wakati huo mwalimu wa Pugu, alichaguliwa kuwa rais wake. Mwaka uliofuata wajumbe walikutana Dar es Salaam, katika ofisi ya chama kwenye mtaa ambao leo ni Lumumba, na siku ya Jumatano, Julai 7, 1954, TAA ikageuzwa kuwa TANU. Waasisi wanaotajwa ni 17. Majina kama Abdulwahid Sykes, mdogo wake Ally Sykes, Dossa Aziz na John Rupia hayatengani na historia ya chama hicho mjini, na ni vizuri watoto wayasikie, kwa sababu mara nyingi simulizi hii husimuliwa kana kwamba Mwalimu alikuwa peke yake chumbani.

Baada ya uhuru, Saba Saba ikawa sikukuu ya taifa, siku ya chama. Kwa miaka mingi iliitwa pia Sikukuu ya Wakulima. Kisha mambo mawili yakaisogeza. La kwanza, Februari 5, 1977, TANU iliungana na ASP ya Zanzibar na kuzaa CCM, kwa hiyo chama kilichokuwa kikitawala kikapata siku nyingine ya kuzaliwa. La pili, mwaka 1992 nchi iliingia kwenye vyama vingi, na haikuwa rahisi tena taifa zima kupumzika kwa jina la chama kimoja. Leo wakulima wana siku yao Agosti 8, Nane Nane, na Julai 7 imebaki siku ya biashara. Ndiyo maana wanao wanaijua kwa Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, pale Barabara ya Kilwa, kwenye viwanja ambavyo jina lake rasmi ni vya Mwalimu J.K. Nyerere lakini kila mtu Temeke anaviita viwanja vya Sabasaba. Maonyesho yenyewe si ya siku moja. Miaka ya karibuni yamekuwa yakifunguliwa Juni 28 na kuendelea hadi katikati ya Julai. Sikukuu ipo ndani yake, na mtoto anayekwenda kununua aiskrimu na kutazama mabanda anaadhimisha, bila kujua, mkutano wa mwaka 1954.

Hiyo Februari 5 naomba nikae nayo kidogo, kwa sababu ni mfano bora kuliko wote wa tarehe iliyochaguliwa. ASP ilizaliwa Februari 5, 1957. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. CCM ikazaliwa Februari 5, 1977. Miaka kumi, kumi, bila kukosea siku. Hapo hakuna bahati. Walioandaa muungano wa vyama walijua kabisa kwamba Wazanzibari wangeitazama tarehe hiyo na kuona chama chao hakijafutwa bali kimeendelezwa. Vivyo hivyo Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961, na ikawa Jamhuri Desemba 9, 1962. Kenya ilipata uhuru Desemba 12, 1963, ikawa Jamhuri Desemba 12, 1964. Serikali changa zilikuwa zinazijenga kalenda zao, na zilipendelea kuweka jambo jipya juu ya siku ambayo wananchi walikwisha kuizoea.

Sasa linganisha Desemba 9 hiyo hiyo na mambo mengine yaliyomo ndani yake. Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Kosa la Mauaji ya Kimbari ulipitishwa na Umoja wa Mataifa, Paris, Desemba 9, 1948, na siku hiyo leo ni ya kuwakumbuka waathirika wa mauaji ya kimbari. Mkataba wa kupambana na rushwa ulifunguliwa kutiwa saini Mérida, Mexico, Desemba 9, 2003, na ndiyo sababu ya Siku ya Kupambana na Rushwa. Hakuna aliyekuwa akiifikiria Dar es Salaam katika yote hayo. Mwaka una siku 365 tu, mikutano na mapigano na mikataba ni mingi, kwa hiyo lazima yagongane. Ukiwakusanya watu 23 chumbani, uwezekano wa wawili kati yao kuwa na siku moja ya kuzaliwa unapita nusu. Kwa hiyo tarehe kugongana peke yake hakujathibitisha lolote. Kinachothibitisha ni ushahidi kwamba mtu fulani alikaa akaichagua.

Kwa Saba Saba ya Nairobi, ushahidi unatupeleka kwenye mambo ya Kenya yenyewe. Mwaka 1982 Bunge liliingiza kifungu cha 2A kwenye katiba, KANU ikawa chama pekee kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1988 ukaja uchaguzi wa mlolongo, watu wakipanga foleni nyuma ya picha za wagombea, na malalamiko yakawa makubwa kwamba foleni ndefu zilitangazwa kuwa fupi. Februari 1990 aliuawa Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje. Mwezi Mei, mabanda ya Muoroto, karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, yalibomolewa kwa nguvu na wakazi wakapambana na askari. Mwezi huo huo Kenneth Matiba na Charles Rubia, wote wawili waliowahi kuwa mawaziri, na Rubia akiwa ndiye meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari wakadai vyama vingi. Wakataka kufanya mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa Kamukunji, Nairobi, Jumamosi ya Julai 7. Kibali wakanyimwa. Siku tatu kabla ya mkutano wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Raila Odinga naye alikamatwa, pamoja na baadhi ya mawakili. Wakili Gibson Kamau Kuria alikimbilia ubalozi wa Marekani.

Watu walikwenda Kamukunji hivyo hivyo, bila viongozi. Polisi wakawatawanya, na ghasia zikaenea kutoka Nairobi hadi miji ya Mkoa wa Kati na Nakuru, zikaendelea kwa siku kadhaa. Kidole cha shahada na cha kati vikainuliwa juu, alama ya vyama viwili na zaidi, na matatu zikapiga honi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe watu wapatao 20 walikufa, na waliokamatwa walipita elfu moja. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini na hakurudi tena kuwa yule wa zamani hadi alipofariki mwaka 2018. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika mwishoni mwa Desemba 1992.

Kwa hiyo baba yako ana haki kamili. Kenya haijawahi kuifanya Julai 7 kuwa sikukuu ya kitaifa. Imeshikiliwa na raia wenyewe, kwa maandamano na kwa maombolezo, na kila kizazi kimeirudia kwa madai yake. Julai 7, 2024, vijana walijaa Uhuru Park kwenye tamasha la kuwakumbuka waliouawa katika maandamano ya Juni ya mwaka huo. Siku hiyo hiyo, Mombasa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Nchi moja, siku moja, jukwaa moja la mashairi na jingine la majina ya marehemu. Mwaka 2025 ilikuwa vigumu zaidi: barabara za kuingia Nairobi zilifungwa, maandamano yakazuka kwenye kaunti nyingi, zaidi ya watu 10 wakauawa, na siku hiyo hiyo mgeni wa Siku ya Kiswahili alikuwa Kigali akisikiliza hotuba, huku Dar es Salaam familia zikipanga foleni kwenye lango la maonyesho. Nadhani hapa ndipo swali lako linapouma, na halitatuliwi kwa kusema kwamba yote ni Saba Saba moja.

Utasikia watu wakidai kwamba akina Matiba waliichagua tarehe kwa kuiga TANU. Sioni msingi wa kulifundisha hilo kama ukweli. Kudai vyama vingi kwa kuazima sikukuu ya chama ambacho wakati huo kilikuwa kimezaa chama pekee cha Tanzania kungekuwa jambo la ajabu kidogo. Tarehe ya Jumamosi, yenye jina linalotamkwa mara moja na kukaa mdomoni, ilitosha kabisa kuenea kwenye matatu na mabango bila kuazima chochote kutoka kwa jirani.

Kuhusu Jumuiya: ile ya kwanza ilianza mwaka 1967 ikavunjika 1977. Mkataba wa kuifufua ulitiwa saini Arusha, Novemba 30, 1999, na Rais Moi, Rais Museveni na Rais Mkapa. Mkataba wa aina hiyo hauanzi kazi siku ya saini. Husubiri kila nchi iuridhie na kuwasilisha hati zake. Nchi zote tatu zilipokamilisha, mkataba ukaanza kutumika Julai 7, 2000. Ndani yake, ibara ya 137 inasema Kiswahili kitaendelezwa kuwa lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Ni kiungo kizuri cha kuwaeleza watoto, ingawa si chenyewe kilichoizaa Siku ya Kiswahili.

Siku hiyo ilizaliwa Paris. Novemba 23, 2021, Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha azimio la kuifanya Julai 7 Siku ya Kiswahili Duniani, na kikafanywa lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa siku ya namna hiyo. Maadhimisho ya kwanza yalikuwa Julai 7, 2022. Siku mbili kabla, Baraza la Mawaziri la Uganda lilikuwa limekubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Ya Jumuiya mwaka huo yalifanyika Zanzibar, kisha Kampala, kisha Mombasa, kisha Kigali. Mwaka 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likaitambua siku hiyo kwa azimio lake.

Sababu iliyotolewa ya kuichagua tarehe hii ni kwamba Julai 7, 1954, TANU chini ya Nyerere ilikitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru, na kufufuka kwa Jumuiya mwaka 2000 kukatajwa pia. Hapa nakuomba uwe mwangalifu jukwaani. Wapo wanaoongeza kwamba TANU wakati huo ilikuwa "chama tawala". Haikuwa. Ilikuwa chama cha siku moja, kisicho na kiti chochote cha dola, kikikabiliana na utawala wa kigeni. Wengine husema Kiswahili kilizaliwa au kilikuwa rasmi siku hiyo. Wala. Kilikuwa na karne nyingi za ushairi pwani, na hata usanifishaji wake ulikwisha kufanyika: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichukua Kiunguja kuwa msingi, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930, yote hayo chini ya serikali za kikoloni.

Kilichotokea kuanzia 1954 ni kikubwa zaidi ya tangazo la siku moja. TANU ilifanya siasa kwa lugha ambayo Msukuma, Mmakonde na Mhaya wangeweza kuisikiliza pamoja bila mkalimani. Nyerere aliacha ualimu mwaka 1955, baada ya safari yake ya Umoja wa Mataifa, New York, akazunguka nchi akihutubia. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa anajulikana Dar es Salaam kwa uimbaji wake kwenye lelemama, ngoma ya wanawake, aliongoza kitengo cha wanawake na kuwaingiza maelfu yao chamani, kwa Kiswahili cha mjini kisichohitaji shule. Huko ndiko lugha ilikofanya kazi: kwenye viwanja, kwenye kadi, kwenye nyimbo. Mwaka 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri, Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Ukitaka kumheshimu mtu wa Julai 7, mheshimu pia yule mama aliyesimama uwanjani miaka saba mfululizo hadi uhuru ukapatikana.

Usishangae ukikuta Julai 7 kwenye orodha nyingine kabisa. Visiwa vya Solomon vilipata uhuru siku hiyo mwaka 1978. Mwaka 1937 mapigano ya Daraja la Marco Polo, karibu na Beijing, yaliwasha vita kamili kati ya China na Japani. Mwaka 2005 mabomu yaliua watu 52 kwenye treni na basi la London, na Waingereza wanaikumbuka tarehe kwa namba zake mbili kama sisi. Japani wana sikukuu ya Tanabata, inayofuata siku ya saba ya mwezi wa saba. Hii ya mwisho inanivutia kwa sababu inaonyesha kwamba namba zilizorudiwa huwavuta watu popote, zikaitwa jina na jina likawa sherehe. Ila tarehe yenyewe ni ya kalenda moja tu. Siku tunayoiita Julai 7, Ethiopia wanaiita Sene 30. Na kwa Waislamu wanaohesabu miezi kwa mwandamo, mwaka 2024 siku hiyo ilikuwa mwaka mpya, Muharram mosi, 1446, kule Saudi Arabia. Mwaka uliofuata Muharram mosi iliwahi kwa takriban siku 11. Kwa hiyo kumbukumbu za Idi na Maulidi hukutana na Saba Saba kisha zikaachana, na hazina uhusiano nayo.

Sasa hotuba yako. Kwa watoto wa shule ya Dar ningefuata miaka: 1954, 1990, 2000, 2021. Usianze na Paris, kwa sababu ukianza huko 1954 itaonekana maandalizi ya 2021, na waliokutana Lumumba hawakuwa wakiiandalia UNESCO siku. Kila ukitaja Saba Saba, taja na mji wake. Sema Saba Saba ya Dar, sema Saba Saba ya Nairobi. Hapo mtoto wa Kitanzania hatadhani Wakenya wanaandamana kupinga maonyesho, na mtoto wa Kikenya hatadhani Watanzania wanafurahia msiba.

Je, 1990 uitaje kwenye hafla ya lugha? Mimi ningeitaja, kwa dakika moja, na bila picha za damu kama kuna watoto wa chekechea. Wale waliokwenda Kamukunji waliitana kwa Kiswahili, jina la siku yao ni la Kiswahili, na katiba ya Kenya ya 2010 ilipofika kukifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ilikuwa ni tunda la safari ndefu ya kudai katiba mpya ambayo siku ile ni sehemu yake. Usiseme 1990 ilikuwa maandamano ya lugha, haikuwa. Sema ni watu wazungumzao lugha hii, wakidai haki ya kuchagua.

Na baba yako usimwombe aifurahie tarehe. Mpigie simu kabla ya hafla, mwombe akusimulie Julai ile aliiona wapi, barabara ipi, nani alirudi nyumbani na nani hakurudi. Akikubali, muulize kama unaweza kulisema jina la mtaa wake mbele ya watoto. Akikataa, hotuba yako bado ina 1954, ina Bibi Titi, ina mkataba wa Arusha, na inatosha.